Kenya: Dawa, mbegu na neno "bandia" mbele ya mahakama

Tarehe 27 Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Kenya, mbele ya Jaji Rhoda Rutto, ilitamka kwamba vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomzuia mkulima kugawana, kubadilishana na kuuza mbegu zake za kienyeji vinakwenda kinyume cha Katiba. Shauri hilo lilifunguliwa mwaka 2022 na wakulima wadogo 15. Chini ya sheria waliyoipinga, aliyepatikana na hatia aliweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1 za Kenya, au kufungwa jela hadi miaka miwili, au kupewa adhabu zote mbili. Mahakama ilibatilisha pia mamlaka waliyopewa maafisa wa serikali ya kuingia katika benki za mbegu za wanakijiji na kutwaa mbegu zilizohifadhiwa humo.

Katika nchi zinazopakana na Kenya uamuzi huo umezungumzwa zaidi kama habari ya kilimo. Lakini ni habari ya miliki bunifu pia, yaani lile tawi la sheria linalompa mgunduzi, mtunzi au kampuni haki ya pekee juu ya kilichotokana na akili na kazi yake. Wengi wanaposikia jina la tawi hilo hufikiria nyimbo, vitabu na filamu. Mashauri mazito kuliko yote yaliyofika katika mahakama za Kenya kwa upande huu hayakuhusu nyimbo. Yalihusu tembe anayomeza mgonjwa na punje anayofukia mkulima ardhini.

Hii si mara ya kwanza kwa Mahakama Kuu ya Kenya kuombwa kuchora mstari kati ya haki ya mwenye ugunduzi na haki ya mtu wa kawaida kuishi. Mara ya kwanza iliyotikisa ukanda mzima ilikuwa mwaka 2012, na ilihusu dawa za virusi vya UKIMWI. Kati ya hukumu hizo mbili ipo miaka 13 na zaidi, majaji tofauti na sheria tofauti. Hata hivyo, anayezisoma pamoja huona mkondo mmoja: Bunge lilitunga sheria kwa nia ya kupambana na bidhaa bandia, lugha ya sheria ikawa pana mno, na wavu uliokusudiwa kumnasa tapeli ukawafikia watu wasiomdanganya yeyote.

Watu watatu dhidi ya sheria ya bidhaa bandia

Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ilipitishwa nchini Kenya mwaka 2008 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Ni vigumu kupinga lengo lake. Betri zisizodumu, vipuri vya magari vinavyovunjika barabarani, vipodozi vinavyochubua ngozi na dawa zilizojazwa unga wa chokaa vilikuwa, na bado ni, mzigo kwa mnunuzi asiye na njia ya kupima anachouziwa. Viwanda vya ndani navyo vililia kwa haki, kwa kuwa jina la biashara lililojengwa kwa miaka mingi huweza kuharibiwa na mzigo mmoja wa bidhaa feki.

Tatizo lilikuwa katika kifungu cha 2, kinachoeleza maana ya kughushi bidhaa. Kifungu hicho kilisema, kwa maana yake, kwamba kutengeneza bidhaa inayofanana kabisa au kwa kiasi kikubwa na bidhaa inayolindwa, bila idhini ya mwenye haki, ni kughushi. Tena haki hiyo ingeweza kuwa imesajiliwa Kenya au mahali pengine popote. Maneno hayo ya mwisho ni machache lakini uzito wake ni mkubwa. Hataza, yaani hati ya kumlinda mgunduzi, kwa kawaida hutambuliwa katika nchi ilikotolewa tu. Dawa iliyolindwa kwa hataza Ulaya, lakini isiyolindwa Kenya, ni halali kutengenezwa na kuuzwa Kenya. Sheria mpya ilitishia kuufuta mpaka huo.

Dawa zilizokuwa hatarini ni zile ziitwazo jenereki. Hizi zina kiambato kile kile kinachotibu, kwa kipimo kile kile, sawa na dawa ya kampuni iliyoigundua, lakini hutengenezwa na kiwanda kingine na kuuzwa kwa jina la kisayansi au kwa jina jingine. Kufanana ndiyo kazi yake. Jenereki isiyofanana na dawa asilia haina maana ya kuwapo. Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, kufanana huko kulikuwa na bei inayojulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, matibabu ya mtu mmoja kwa dawa za makampuni yenye hataza yaligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mwaka. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba inaweza kuyatoa kwa dola 350. Mwezi Aprili mwaka huo huo, makampuni 39 ya dawa yaliondoa mahakamani shauri yaliyokuwa yamelifungua dhidi ya serikali ya Afrika Kusini kuhusu sheria yake ya dawa. Kenya yenyewe ilitunga Sheria ya Mali ya Viwanda mwaka 2001, ikafungua mlango wa kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje. Ukweli ni kwamba programu za matibabu zilizookoa maisha ya watu katika Afrika Mashariki zilijengwa juu ya mlango huo.

Mwaka 2009, watu watatu wanaoishi na virusi walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi. Hawakuomba fidia. Waliiambia mahakama kwamba uhai wao unategemea dawa za jenereki, na kwamba afisa wa forodha akiisoma sheria mpya kama ilivyoandikwa, ana ruhusa ya kuzizuia bandarini. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Desemba 2008, mzigo wa dawa ya shinikizo la damu uliokuwa ukisafirishwa kutoka India kwenda Brazil ulizuiliwa nchini Uholanzi kwa madai ya hataza, ingawa dawa hiyo haikuwa na hataza ilikotoka wala ilikokwenda. Shirika moja la Kenya linalotetea haki za watu wenye virusi na mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya haki ya afya waliruhusiwa kujiunga na shauri hilo. Aprili 2010, mahakama ilitoa amri ya muda kuzuia sheria hiyo isitumike dhidi ya dawa za jenereki hadi shauri litakapokwisha.

Hukumu ilisomwa tarehe 20 Aprili 2012 na Jaji Mumbi Ngugi. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba sheria inalenga dawa bandia tu, na kwamba kifungu chenyewe kilikuwa na sharti la kulinda yale yaliyoruhusiwa na Sheria ya Mali ya Viwanda. Jaji hakuridhika. Aliona kuwa maelezo ya kifungu cha 2 yalikuwa mapana kiasi cha kuzibeba jenereki ndani yake, na kwamba sharti lile halikutosha kuondoa utata, kwa kuwa wa kuamua papo kwa papo ni afisa wa forodha, ambaye si mtaalamu wa tofauti kati ya jenereki na bandia. Alisema pia jambo ambalo wanasheria wa ukanda huu wamelirejea mara nyingi tangu hapo: iwapo nia ilikuwa kumlinda mgonjwa dhidi ya dawa mbovu, sheria ingejishughulisha na ubora wa dawa, lakini hii ilielekea zaidi kulinda haki za wenye miliki. Haki hizo zina nafasi yake, alieleza, ila haziwezi kutangulizwa mbele ya haki ya kuishi, heshima ya utu na afya, zilizomo katika ibara za 26, 28 na 43 za Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Vifungu vya 2, 32 na 34, kwa kadiri vinavyogusa upatikanaji wa dawa muhimu za bei nafuu, vilitamkwa kuwa vinakiuka haki hizo, na serikali ikaelekezwa kukiangalia upya kifungu cha 2.

Inafaa kusimama kidogo kwenye neno lenyewe. Katika Kiswahili, kitu bandia ni kitu kinachojifanya kingine. Mtoto wa bandia ni mwanasesere. Noti bandia inataka kupokelewa kama noti. Dawa ya jenereki haijifanyi chochote. Imeandikwa jina lake, kiwanda chake na kipimo chake juu ya pakiti, na imepitia mikono ya wakaguzi wa dawa kama dawa nyingine zote. Mtu akisema ni bandia kwa sababu tu mwenye hataza ya nchi ya mbali hakutoa idhini, anakuwa amelihamisha neno kutoka kwenye udanganyifu na kulipeleka kwenye umiliki. Kesi ya Nairobi, ikivuliwa joho la kisheria, ilikuwa juu ya uhamisho huo.

Kwa nini majirani walifuatilia

Bandari ya Mombasa hupokea mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kinachozuiliwa hapo hakizuiliwi kwa Wakenya peke yao. Zaidi ya hayo, katika miaka hiyo hiyo miswada yenye lugha inayofanana na ya Kenya ilikuwa ikijadiliwa Uganda na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watetezi wa wagonjwa waliipinga kwa hoja zile zile zilizotolewa Nairobi.

Ipo pia tofauti ya hali ambayo mara nyingi husahaulika. Kati ya nchi nane za Jumuiya, Kenya peke yake haimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa. Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi wanachama wake zilizo katika orodha hiyo muda hadi tarehe 1 Januari 2033 bila kulazimika kutoa au kulinda hataza za dawa. Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zinaweza kuitumia nafasi hiyo, Kenya haiwezi. Kiwanda cha dawa cha Luzira, Kampala, kilichofunguliwa mwaka 2007 kwa ushirikiano na Cipla, kilijengwa katika mazingira ya nafasi kama hiyo. Sheria ya Jumuiya yenye kuzuia jenereki ingezinyang'anya nchi hizo kwa mkono mmoja kile zilichopewa Geneva kwa mkono mwingine.

Rwanda ina historia yake katika jambo hili. Julai 2007 iliijulisha Shirika la Biashara Duniani kwamba inakusudia kuagiza pakiti 260,000 za dawa yenye viambato vitatu dhidi ya virusi vya UKIMWI kutoka kampuni ya Apotex ya Kanada, chini ya utaratibu unaoruhusu nchi isiyo na kiwanda kupata jenereki zilizotengenezwa kwa leseni maalumu katika nchi nyingine. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Mzigo wa kwanza ulisafirishwa Septemba 2008, zaidi ya mwaka mmoja baada ya taarifa ile. Kila mtu katika safari hiyo alifuata sheria, na bado ilichukua muda huo wote. Ndiyo maana wagonjwa hutetea kwa nguvu njia ile rahisi zaidi, ya kununua jenereki sokoni bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kutoka duka la dawa hadi ghala la mbegu

Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya Kenya ni ya mwaka 1972, ila makali yake ya sasa yalitokana na marekebisho ya mwaka 2012, mwaka ule ule wa hukumu ya dawa. Sababu iliyotolewa ilifanana pia. Wakulima walikuwa wakiuziwa mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi na kufungashwa kama mbegu bora, wakapoteza msimu mzima. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuweka biashara ya mbegu mikononi mwa wenye leseni, na kutaka kila mbegu iuzwayo iwe imesajiliwa na kuthibitishwa.

Ndani ya sheria hiyo moja kuna mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. La kwanza ni ukaguzi wa ubora, ambao humlinda mnunuzi. La pili ni haki ya mzalishaji wa aina mpya ya mbegu, ambayo ni ndugu wa hataza: anayetoa aina mpya, tofauti na zilizopo, iliyo na sifa zilezile katika kila mmea na isiyobadilika kutoka msimu hadi msimu, hupewa haki ya pekee ya kuizalisha na kuiuza. Haki hii hufuata mkataba wa kimataifa wa UPOV. Kenya ilijiunga mwaka 1999 kwa masharti ya mwaka 1978, ambayo yalimwachia mkulima nafasi kubwa, na mwaka 2016 ikahamia masharti ya mwaka 1991, ambayo ni magumu zaidi. Chini ya masharti ya 1991, matumizi binafsi yasiyo ya biashara hayaguswi, na serikali inaweza, ikipenda, kumruhusu mkulima kuweka mbegu ya aina inayolindwa kwa ajili ya shamba lake mwenyewe. Kumuuzia jirani hakumo.

Wakulima 15 walilalamika kwamba mambo hayo mawili, yakichanganywa, yaliwaacha bila chochote. Maharagwe ya bibi, mtama unaostahimili ukame, wimbi, kunde na mboga za kienyeji havina mwenye hataza. Vimechaguliwa na kutunzwa mkono kwa mkono kwa vizazi vingi, mara nyingi na wanawake, na vimeenea kwa kupeana: mwenye ziada humpa aliyepungukiwa, bibi harusi hubeba kikapu cha mbegu kwenda kwao mumewe, jirani hulipa kwa kibaba au kwa kazi. Mbegu za namna hiyo haziwezi kusajiliwa kirahisi kwa sababu hazina ule ufanano wa mmea kwa mmea unaodaiwa na taratibu za usajili. Na tofauti hizo ndizo zinazozifanya zihimili mvua isiyotabirika. Hivyo sheria ilimtaka mkulima atimize sharti ambalo mbegu yake, kwa uzuri wake wenyewe, haikuumbwa kulitimiza.

Tukirudi kwenye neno letu, mbegu hiyo haijifanyi kingine. Anayeichukua sokoni anamjua aliyeiotesha, na pengine aliliona shamba lake. Tapeli ni yule aliyepaka mahindi rangi, naye aliweza kushtakiwa bila kumgusa huyu.

Hoja ya wakulima ilikuwa na nguzo ambayo wenzao wengi katika ukanda huu hawana. Katiba ya Kenya, katika ibara ya 11, inaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea za kienyeji pamoja na matumizi yake na jamii za Kenya. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Ibara ya 40 inaitaka serikali ilinde miliki bunifu ya watu wa Kenya, wala haisemi kuwa watu hao ni makampuni tu. Kwa maneno mengine, Katiba ile ile inayomlinda mtafiti aliyetoa aina mpya katika maabara inaitambua pia kazi ya akili ya wale waliochagua punje bora mavuno baada ya mavuno, bila hati.

Uamuzi wa Novemba 2025 haukuruhusu kila kitu. Anayeuza mbegu mbovu kwa jina la mbegu bora bado anavunja sheria. Wanaotetea udhibiti nao wana hoja isiyopaswa kupuuzwa, kwamba magonjwa ya mimea husafiri ndani ya mbegu. Ugonjwa hatari wa mahindi ulioonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2011 ulifika katika nchi jirani ndani ya miaka michache. Afya ya mimea inahitaji mkaguzi. Swali ni iwapo mkaguzi huyo anahitaji pia jela ya miaka miwili kwa mama aliyempa mwenzake vibaba viwili vya kunde.

Hukumu hiyo inatumika Kenya peke yake. Tanzania, iliyojiunga na UPOV mwaka 2015, ina daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambalo humruhusu mkulima aliyesajiliwa kuzalisha na kuuza mbegu chini ya ukaguzi mwepesi, katika eneo lililowekewa mipaka. Anayetaka kuuza nje ya mpaka huo hurudi kwenye masharti makubwa. Uganda nayo ina daraja linalofanana na hilo. Na mwezi Julai 2015, mjini Arusha, nchi wanachama wa shirika la miliki bunifu la Afrika lenye makao yake Harare zilipitisha itifaki ya kulinda aina mpya za mimea, iliyofuata kwa karibu masharti ya UPOV ya mwaka 1991. Chini ya itifaki hiyo, aina iliyosajiliwa mara moja Harare inaweza kulindwa kwa pamoja katika nchi zote zilizoridhia.

Mkulima wa upande wa Kenya wa mpaka wa Busia sasa anaweza kumpa jirani yake mbegu za mtama wa kienyeji bila kuogopa sheria iliyompeleka mwenzake mahakamani. Jirani huyo akiwa upande wa pili wa barabara, Uganda, anaipokea chini ya sheria nyingine.